Ituri: Mwili wenyewe ndio chombo, kutoka meza za mafundi wa simu wa Ariwara hadi muziki wa umeme wa Kampala

Mtu yeyote wa Ariwara aliyekulia kando ya redio ndogo ya batri anajua jambo hili: ukisogea karibu na antena, sauti inatulia; ukiondoka, kelele zinarudi. Kuna nyumba ambako mtoto mmoja huambiwa asimame pale pale, mkono juu, mpaka habari ziishe.

Mtoto yule anafanya, bila kujua, kazi ambayo Mrusi mmoja aliigeuza kuwa muziki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lev Termen alikuwa mtaalamu wa umeme na redio mjini Petrograd. Aliona kwamba mwili wa binadamu ukikaribia waya wenye mawimbi ya redio, mawimbi yale yanabadilika. Mwaka 1920 akatengeneza sanduku lenye antena mbili. Mkono mmoja, ukisogea hewani, unafanya sauti iwe nyembamba au nene. Mkono wa pili unaongeza au kupunguza nguvu yake. Mchezaji hagusi chochote. Mwaka 1922 Termen alimwonyesha Lenin chombo hicho, na mwaka 1928 alipewa hati ya uvumbuzi huko Marekani. Mpaka leo kinachezwa, na kinaitwa theremin, kwa jina lake mwenyewe.

Habari hii ingebaki ya makumbusho ya Ulaya kama isingekuwa na tawi linalofika kwetu, Ituri. Tawi hilo linapita Kampala, na mmoja wa watu wanaolibeba ni mzaliwa wa Bunia. Lakini kwanza tueleze kwa nini mtu anataka kupiga muziki wa umeme kwa mwili wake, badala ya kubonyeza vitufe kama wengine.

Muziki wa umeme una tatizo moja ambalo watu wa huku wanalitambua haraka. Mtu anapanda jukwaani, anafungua kompyuta, anabonyeza, wimbo unatoka. Anatikisa kichwa. Je, anapiga muziki au anasoma barua zake? Kwetu watazamaji wanakazia macho vidole vya mpiga gitaa seben inapoanza, na atalaku asipotoa jasho anaonekana hakufanya kazi. Mtu wa kompyuta hawezi kumaliza nusu saa mbele yao bila kuulizwa muziki utaanza saa ngapi. Nimeona hivyo kwa macho yangu kwenye sherehe ya arusi. Kijana wa kompyuta alikuwa na nyimbo nzuri, tena alizitengeneza mwenyewe, lakini watu walimchukua kama mtu wa kucheza kaseti. Shangazi mmoja alikwenda kumwomba abadilishe wimbo.

Ndipo wanakuja watu kama Michel Waisvisz, Mholanzi aliyefariki mwaka 2008. Mwaka 1984 alionyesha Amsterdam vifaa viwili vya kufungwa mikononi, vyenye vitufe na sensa, yaani vifaa vidogo vinavyohisi jambo fulani na kulitafsiri kuwa umeme. Alipotenganisha mikono, sauti ilibadilika. Alipoiinamisha, ikabadilika tena. Mashine za kutoa sauti zilikuwa pembeni, lakini watu walimtazama yeye. Vifaa hivyo aliviita kwa urahisi tu, Mikono.

Mwaka 1991, Laetitia Sonami, mwanamke mzaliwa wa Ufaransa anayeishi Marekani, alianza kwa kitu cha bei ndogo zaidi: glavu za mpira za jikoni. Pamoja na mwenzake Paul DeMarinis alibandika sensa za sumaku kwenye ncha za vidole vya mkono mmoja, na sumaku kwenye mkono wa pili. Kidole kikikaribia sumaku, umeme unapanda, na sauti inafuata. Baadaye glavu zake zilikuwa nzuri zaidi na zenye waya nyingi, lakini mwanzo ulikuwa zile zile za kuoshea vyombo.

Halafu kuna Onyx Ashanti, Mmarekani mweusi kutoka Mississippi, mpiga saksofoni aliyezoea kupiga barabarani kutafuta pesa ya chakula. Yeye aliamua kwamba saksofoni haimtoshi. Alitengeneza vipande viwili vya kushikwa mikononi na kimoja cha mdomoni kinachopima pumzi. Akipuliza kwa nguvu, sauti inavimba. Akizungusha kiganja, rangi ya sauti inageuka. Vipande vingi alivichora mwenyewe na kuvichapisha kwa mashine inayotoa maumbo ya plastiki. Muziki wake aliuita beatjazz, na mwaka 2011 aliuonyesha kwenye jukwaa la TED ambalo video zake zinatazamwa dunia nzima. Ukimtazama huwezi kusema anasoma barua. Anacheza dansi, na dansi ndiyo inatoa muziki, wala si muziki unaotoa dansi.

Siri ya mambo haya ni ndogo kuliko inavyoonekana. Simu yako ya kugusa unapoilaza, picha inageuka nayo. Inajuaje? Ndani yake kuna kihisi mwendo, kipande kidogo kuliko punje ya mchele, chenye uzito mdogo sana unaoning'inia. Ukitikisa simu, uzito ule unasogea kidogo, na simu inahesabu umesogea kiasi gani na upande gani. Hicho ndicho kinachofungwa kwenye mkono wa wanamuziki hawa. Maana yake, kila kijana anayepita soko la Ariwara na simu mfukoni amebeba sehemu kubwa ya chombo hicho, na hata simu iliyopasuka kioo bado inayo.

Sasa tufike Kampala.

Brian Bamanya ni Mganda anayefahamika kwa jina la The Afrorack. Alikuwa akitengeneza muziki kwa kompyuta kama vijana wengi, mpaka alipoona kwenye intaneti mashine za umeme zinazoundwa kwa vipande vipande: kila kipande ni sanduku dogo lenye kazi moja, na mpiga muziki anaviunganisha kwa waya anavyotaka. Moja linatoa mlio, lingine linaukata, la tatu linaamua mlio uje lini. Bei zake zilimshinda. Kipande kimoja kipya kutoka Ulaya kinaweza kula mamia ya dola, na chombo kamili kinahitaji vingi. Basi alitafuta michoro ambayo mafundi wa dunia wanaiweka wazi bila malipo, akanunua vifaa katika maduka ya umeme ya Kampala, akachomelea mwenyewe. Wengi wanamtaja kuwa wa kwanza kuunda mashine ya namna hiyo kwa mkono barani Afrika.

Niseme wazi: mashine ya Bamanya haivaliwi mwilini kama glavu ya Sonami. Lakini inafanya kazi kwa kanuni inayofungua mlango huo. Vipande vyake vinaongozwa na kiwango cha umeme tu. Umeme ukipanda kidogo, mlio unapanda. Haijali umeme ule umetoka kwenye kitufe, kwenye kihisi cha mwanga kinachofunikwa na kiganja, au kwenye ngozi ya mtu aliyeshika waya mbili. Mtu akijua kuunda sanduku la kwanza, kuufanya mwili kuwa kitufe ni kazi ya jioni moja au mbili.

Mwaka 2022 Bamanya alitoa albamu yake, na hapa ndipo Ituri inaingia. Iliyoitoa ni Hakuna Kulala, nyumba ya muziki ya Kampala ambayo msomaji wetu hahitaji kutafsiriwa jina lake. Miongoni mwa waanzilishi wake ni Rey Sapienz, aliyezaliwa Bunia mwaka 1990.

Hesabu miaka hiyo na utaelewa utoto wake. Vita vya Ituri vilianza mwaka 1999, naye akiwa mtoto wa miaka tisa. Alipofika kumi na mitatu, Juni 2003, wanajeshi wa Umoja wa Ulaya walikuwa wakitua Bunia katika operesheni iliyoitwa Artémis. Katika miaka hiyo hiyo alianza kurap na kucheza dansi. Mwaka 2012 alikwenda Kampala kufanya kazi na wasanii wa Uganda, akiwa na nia ya kurudi. Mapigano yalipolipuka tena mashariki mwa Congo, alibaki. Aligeuka mtengenezaji wa muziki, akafundisha wengine studio, na mwaka 2021 akatoa albamu ya Na Zala Zala akiwa na kundi lake, Congo Techno Ensemble. Ni muziki mgumu, wenye ngoma zinazogongana na sauti zinazopiga kelele juu yake. Sitamdanganya msomaji: si muziki wa kusikiliza ukila chakula cha jioni na wazazi. Mara ya kwanza nilizima. Mara ya pili niliusikiliza kwa kifaa cha masikio usiku, na nikaelewa kwa nini mtu aliyekua Bunia wakati ule angepiga namna hiyo.

Hakuna Kulala ni tawi la Nyege Nyege, kundi la Kampala linaloandaa tamasha kubwa upande wa Jinja, karibu na chanzo cha Nile, tangu mwaka 2015. Jina hilo limewaletea taabu. Kwa Kiganda wanasema ni hamu ya kucheza isiyozuilika. Kwa Kiswahili cha pwani ni neno ambalo mtu hasemi mbele ya mama mkwe. Viongozi wa Uganda wamejaribu zaidi ya mara moja kulizuia tamasha kwa sababu za maadili, na kila mara vijana wamecheza.

Wengine watasema hayo ni mambo ya Uganda na ya Wazungu. Hapana. Ukitafuta ni nani katika nchi yetu aliyechukua takataka za umeme akazifanya muziki, utafika kwa mzee Mawangu Mingiedi, marehemu tangu 2015. Kikundi chake, Konono N°1, kilianza Kinshasa katika miaka ya 1960. Likembe haikusikika katikati ya kelele za jiji, basi akatumia sumaku za vipuri vya magari kuunda mikro, na mabomba ya sauti ya zamani yakawa bafle zake. Mikro zile zilikwaruza sauti, na mkwaruzo ule ndio dunia ilioupenda. Albamu ya Congotronics ilitoka Ubelgiji mwaka 2004, na mwaka 2011 Konono N°1 walikuwa miongoni mwa wasanii wa wimbo wa Herbie Hancock uliopata Grammy. Baada yao wamekuja Fulu Miziki, ambao kwa Lingala jina lao linajieleza: muziki wa jalalani. Wanavaa mavazi waliyoyashona kwa vitu vilivyotupwa, mpaka huoni chombo kinaishia wapi na mtu anaanzia wapi.

Hata ndani ya Ituri hatuanzi sufuri. Katika miaka ya 1950, Mwingereza Colin Turnbull aliishi na Wambuti karibu na Epulu. Alingoja kwa hamu kuona molimo, tarumbeta yao takatifu ya usiku, akidhani itakuwa ya mti au mwanzi uliochongwa kwa ustadi wa mababu. Walipoileta ilikuwa bomba refu la chuma, la aina inayotumiwa na wajenzi wa barabara. Alishangaa sana. Wao hawakuona ajabu: bomba lile lilikuwa na sauti nzuri, na halikuoza. Na mchezaji aliyefunga njuga miguuni, awe wa Mahagi au wa upande wa Arua, anafanya kile kile alichotafuta Waisvisz: hatua ya mguu na mlio ni kitu kimoja, huwezi kupata kimoja bila kingine. Tofauti ni kwamba njuga ina mlio mmoja, nayo sensa unaiambia itoe mlio wowote.

Nilipokuwa nikiandika habari hii nilikuwa nikitazama kwa jicho jipya meza za mafundi wa simu sokoni Ariwara. Msomaji anazijua. Mwavuli, kioo cha kukuza, chuma cha kuchomelea risasi kilichounganishwa na batri ya paneli ya jua, na sanduku la simu zilizokufa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Katika sanduku lile mna vihisi mwendo, mna spika ndogo, mna vibati vidogo vya mlio ambavyo ukivigeuza vinakuwa mikro ya kusikia kila mgongano wa mwili vinapobandikwa. Vijana hawa wanachomelea vipande ambavyo mimi hata kuviona siwezi bila miwani. Kwa ustadi wa mkono hawadaiwi chochote na fundi wa Kampala.

Wanachokosa ni kitu kidogo tu: kuona kwamba inawezekana. Kwa hiyo, kwa fundi anayesoma hapa, hii ni njia ya kuanzia ambayo waunda mashine wengi duniani wamepitia. Kuna chipu ya bei ndogo inayoitwa 40106. Ndani yake mna sehemu sita, na kila sehemu inaweza kutoa mlio ikipewa kondansateri moja na rezistansi moja. Mlio unategemea rezistansi: ikiwa ndogo, mlio unapanda, ikiwa kubwa, unashuka na kuwa mgongo mzito. Sasa toa rezistansi, acha waya mbili wazi, halafu zishike kwa vidole, moja kila mkono. Ngozi yako ndiyo rezistansi. Ukibana, mlio unapanda. Ukilegeza, unashuka. Mikono ikitoka jasho, mlio unapanda wenyewe, na hapo mchezaji aliyechoka anasikika kuwa amechoka.

Onyo moja tu, na ni la kweli: iwe batri ndogo ya volti 9 na spika yenye batri yake, basi. Usithubutu kufanya hivyo na kitu kilichounganishwa na jenereta au umeme wa ukutani. Mwili unaoweza kupitisha umeme mdogo wa muziki unaweza pia kupitisha ule unaoua.

Faida yake kwa mji kama wetu ni kwamba chombo hiki hakisubiri umeme. Ariwara inaishi kwa jenereta na jua, na piano ya kanisa hunyamaza mafuta yakiisha. Batri moja ya volti 9 inaweza kuendesha chipu ile kwa siku nyingi. Glavu za kununuliwa, zile zilizotokana na kazi ya Muingereza Imogen Heap, zinafika zaidi ya dola elfu mbili kwa jozi. Kwa bei hiyo kijana wa Ariwara atanunua pikipiki, na nani atamlaumu.

Lakini kuna jambo ambalo chipu haiwezi kutengeneza. Muziki huu unahitaji usiku: chumba, watu, saa nyingi za kujaribu na kukosea kwa sauti kubwa. Tangu Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, na kabla ya hapo na baada ya hapo vijiji vya Djugu na Irumu vimeendelea kuzika watu. Upande wetu wa Aru umepata utulivu zaidi, na ndiyo maana biashara ya Ariwara inaendelea, shilingi za Uganda zikipita mkononi pamoja na franka zetu. Hata hivyo, kijana wa huku akiuliza ataenda wapi kujifunza kupiga muziki wa namna hii, jibu la ukweli leo ni kuvuka mpaka, kupanda basi Arua, na kusafiri karibu kilomita 500 hadi Kampala. Huko ndiko aliko yule wa Bunia, na huko ndiko ziliko studio.

Rey Sapienz hakwenda kwa kutaka kuhama. Alikwenda kufanya kazi na njia ya kurudi ikafungwa nyuma yake. Ni habari ambayo katika kila familia ya Ituri kuna mtu wa kuisimulia, akiwa daktari, fundi au mwanafunzi badala ya mwanamuziki.

Jaribio la ile chipu lina sehemu ya pili, na watoto wanaipenda kuliko watu wazima. Mtu wa kwanza anashika waya moja, wa pili anashika nyingine. Hakuna mlio. Halafu wanashikana mikono, na mashine inaanza kuimba kwa sauti nzito. Mtu wa tatu akiingia katikati, mlio unashuka zaidi, kwa sababu umeme una njia ndefu ya kupita. Watu kumi wakishikana watasikia mgongo mzito, mmoja mmoja, kama mtu anayegonga mlango. Yeyote akiachia mkono, sauti inakatika.